Mnyama Tuliyemvunja Mgongo Ana Haki Gani Juu Yetu?



Suala nililoletewa safari hii huenda likakukunja uso, kwani ni suala la mkojo, tena mkojo wa panya. Lakini vitabu vyetu vya fiqhi huanza na mlango wa tahara kabla ya Sala na kabla ya Zaka, na mtoto wetu wa chuoni hufundishwa kustanji kabla hajajua chochote cha biashara wala cha ndoa. Aliyelelewa hivyo hana sababu ya kuona haya hapa.

Aliyeniuliza ni kijana aliyesoma kwangu Juzuu Amma, na sasa anasomea utabibu. Asema kwamba katika nchi zenye maabara kubwa wataalamu huwavunja panya uti wa mgongo kwa makusudi, ili wajifunze namna ya kuwatibu wanadamu waliopooza. Panya akishavunjwa hawezi tena kukojoa mwenyewe, ikawa lazima mtu amkamue kibofu kwa vidole vyake, mara mbili au tatu kila siku. Je, jambo hili lafaa katika dini yetu? Na huyo anayemkamua, apata thawabu, au analipa deni tu?

Suala lake la pili nimelipenda kuliko la kwanza, na ndilo litakalotuchukua muda.

Nakuandikia kutoka Kasanda, nyanda za juu za Kigoma, sehemu iliyokuwa wilaya ya Kibondo mpaka 2012 ilipozaliwa wilaya ya Kakonko. Hapa hakuna maabara ya namna hiyo, wala sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumfuga panya kwa hiari. Lakini watu huvunjika migongo. Waha ni watu wa asali, na mzinga hutundikwa juu ya mti, na atundikaye hupanda. Kule chini ziwani hupandwa michikichi. Huko kwenu pwani kuna wakwezi wa minazi, na Pemba msimu wa karafuu haupiti bila ya habari ya mtu aliyeteleza juu ya mkarafuu. Waganga wa Hospitali ya KCMC, Moshi, walipochunguza majeruhi wao wa uti wa mgongo, waliona kuanguka ndiko kulikoongoza, kukifuatiwa na ajali za barabarani. Siku hizi pikipiki nazo zimeongeza msiba. Basi usidhani twazungumza mambo ya ulaya yasiyotuhusu.

Yafaa kwanza tufahamu jambo lenyewe lilivyo. Ndani ya pingili za mgongo mna ugwe laini wa mishipa ya fahamu, ndio unaochukua amri za ubongo kwenda chini na kurudisha habari juu. Kibofu cha mkojo kina kazi mbili, kuweka na kutoa, na chini yake kuna msuli ulio kama mlango. Mtu mzima wa afya anapokojoa, kibofu hukaza na mlango hulegea kwa wakati mmoja. Mapatano hayo hupangwa juu kabisa, ubongoni, na hupita katika ule ugwe. Ukikatika, siku za mwanzo kibofu hulala: hujaa, hufura, wala mwenyewe hana habari. Baadaye huamka, lakini huamka bila ya bwana wa kukiongoza, kikawa chakaza huku mlango umefungwa. Mkojo usiopata njia hurudi juu kwenye figo, na figo zikiharibika mtu hufa, hata kama kidonda cha mgongo kimepona zamani.

Panya huwa hivyo hivyo. Kwa wengi wao, baada ya wiki moja au mbili kibofu hujifunza kujitoa chenyewe, ingawa si vizuri. Vipanya vidogo, ambao nao hutumiwa sana, wengi wao huhitaji kukamuliwa mpaka mwisho wa maisha yao. Mwenye kazi hiyo humshika mnyama kwa utulivu, humpapasa chini ya tumbo mpaka akihisi kitu kama kijitufe, kisha hukibinya polepole kuelekea nyuma mpaka mkojo utoke wote. Akibinya kwa pupa, kibofu hupasuka. Akibakiza, mkojo hulala humo na kuoza. Huutazama rangi yake, una damu au una usaha. Humkausha manyoya, kwani mkojo huchoma ngozi. Humwekea chakula na maji chini pale anapoweza kufikia, maana miguu ya nyuma haimpeleki popote. Kazi hii haina sikukuu. Kibofu hakijui Ijumaa wala Jumapili.

Sasa tuingie katika hukumu.

Wapo watakaosema upesi: panya ni katika wale wadudu fasiki ambao Sheria imeruhusu wauawe hata ndani ya Haram ya Makka, basi kuna neno gani akivunjwa mgongo? Jawabu ni kwamba ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hata tunapoua tuue vizuri, na tunapochinja tunoe kisu na kumpumzisha tunayemchinja. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim, na kila mchinjaji wa mtaani kwako anaijua, hata kama kisu chake hakionyeshi. Akataza pia kiumbe chenye roho kifanywe shabaha ya kulengea. Katika makatazo hayo hakumtoa panya.

Tena dharau yetu kwa panya ni ya mazoea tu. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kunusa kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, aligundua zaidi ya mabomu na baruti 100, akapewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Alipozeeka walimstaafisha, akalishwa akiwa hana kazi mpaka alipokufa mwanzoni mwa 2022. Wale waliomstaafisha, wajue wasijue, walifuata kauli ya mwanachuoni wetu wa Kishafii, Izzuddin bin Abdissalaam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, aliyeandika kwamba katika haki za wanyama juu ya mwanadamu ni kuwalisha na kuwatunza hata wakizeeka au wakiugua ugonjwa usioacha faida yoyote kwao.

Ninayotaka uizingatie zaidi, msomaji, ni ile hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka. Wengi huisimulia kana kwamba kosa lake lilikuwa ni kutompa paka chakula. Irudie tena utaona mambo ni mawili: alimfunga, kisha hakumlisha, wala hakumwachia akatafute mwenyewe vijidudu vya ardhini. Paka wa jirani usiyemlisha hakukuhukumu, kwani anajitafutia. Ni kule kumfunga ndiko kulikoihamishia shingoni mwa yule mwanamke kazi ambayo Mwenyezi Mungu alikuwa amempa paka mwenyewe. Alichukua uwezo wa mnyama, basi akawa na deni la uwezo huo.

Kamba ya yule mwanamke ilikuwa nje ya paka, na angeweza kuifungua. Kamba ya mtafiti imo ndani ya panya, wala haifunguki. Amemwondolea uwezo wa kutembea na uwezo wa kukojoa, hata hawezi siku ya pili kusema, haya, nakuachia, nenda zako. Kwa hiyo lile deni la mwanamke wa paka laweza kulipwa kwa kukata kamba, na hili halina malipo ila vidole vyake mwenyewe, asubuhi na jioni, mpaka kibofu kirudi au mnyama afe. Ndiyo maana nimesema suala la pili la kijana ndilo kubwa.

Ama suala la kwanza, kufaa au kutofaa kuvunja, wanavyuoni wa zama zetu wameligusa. Yupo Al-Hafiz Basheer Ahmad Masri, aliyeishi huku kwetu Afrika Mashariki kwa miaka ipatayo 20 kabla ya kuhamia Uingereza na kuwa imamu wa msikiti wa Woking. Mwaka 1987 alitoa kitabu kwa Kiingereza juu ya wanyama katika Uislamu. Hakufunga mlango wa majaribio yote. Alisema yaweza kufaa ikiwa yana manufaa kwa watu au kwa wanyama wenyewe, nia ni safi, na mnyama hatiwi maumivu wala kuumbuliwa. Ukilishika sharti lake hilo la mwisho kwa nguvu, kuvunja uti wa mgongo hakupiti, kwani ni kumuumbua kiumbe kwa hakika.

Mimi naona wazi hapa pana mizani miwili. Upande mmoja yuko kijana wa miaka 20 aliyeanguka mtini na hatahisi miguu yake tena. Upande wa pili yuko panya. Sheria yetu imetanguliza roho ya mwanadamu, wala simwonei haya mtu kwa kusema hivyo. Dharura hufungua kilichofungwa. Lakini mafakihi hao hao waliotufundisha hilo wametufundisha kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake, na asiyepima huyo hana dharura, ana tamaa. Tusidanganyike vilevile kwamba kila faida aliyopata mgonjwa wa mgongo imetoka kwa mnyama aliyevunjwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wengi waliovunjika migongo walikufa, na mkojo ulioingia vijidudu ulikuwa katika wauaji wao wakubwa. Mambo yalianza kugeuka pale Ludwig Guttmann alipofungua wodi yake Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, na alichofanya kwa sehemu kubwa ni uuguzi: kuwageuza wagonjwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana, na kukilinda kibofu. Kisha mwaka 1972, Marekani, tabibu Jack Lapides akaja na jambo ambalo wenzake walilishangaa: mgonjwa ajitoe mkojo mwenyewe kwa mpira, kila baada ya saa kadhaa, kwa mikono iliyooshwa tu kwa sabuni, bila ya masharti yote ya chumba cha operesheni. Hoja yake ilikuwa kwamba kinachoharibu kibofu zaidi ni kuachwa kifure, na kwamba usafi wa kawaida watosha. Rehema hiyo ilitoka kwa tabibu aliyewatazama wagonjwa wake vizuri.

Hata hivyo si haki kuificha nusu ya pili ya habari. Maarifa tuliyo nayo ya namna kibofu kinavyolala na kuamka baada ya ugwe kukatwa, na mishipa inavyojipanga upya, yametoka kwa sehemu kubwa kwa paka na panya. Dawa ya kuunganisha ugwe bado haijapatikana, na wanaoitafuta wanaitafuta humo humo. Kwa hiyo siwezi kusema ni haramu moja kwa moja.

Ninalosema ni hili. Wakati wa kuvunjwa panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, na hilo ni wajibu lisilo na mjadala. Lakini huamka, na mateso yake, kama yatakuwapo, ni ya siku zinazofuata. Basi hukumu ya jaribio haiko katika kisu peke yake. Iko katika swali: nani atakuja usiku wa Idi? Nyumba yenye watu waliofundishwa, wenye zamu iliyoandikwa, wenye dawa za maumivu, na wenye moyo wa kumpumzisha mnyama mara wanapoona hapati nafuu, hiyo yaweza kusema ina dharura na imeipima. Nyumba isiyo na watu hao, jaribio lile lile ni haramu kwao, ijapokuwa swali lao la kielimu ni zuri zaidi. Fiqhi yetu ya Kishafii inamjua mwenye mnyama aliyeshindwa kumlisha: kadhi humlazimisha amlishe, au amuuze, au amchinje ikiwa ni wa kuliwa. Panya aliyevunjika hanunuliki wala haliwi. Wapo mafakihi wetu waliokataza kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa kusudi la kumpumzisha. Lakini panya ni katika walioruhusiwa kuuawa, basi ruhusa ile ile ambayo watu huitumia kumdharau, hapa yawa ni mlango wake wa rehema.

Wenyewe Wazungu hawakulala katika jambo hili. Mwaka 1959 wataalamu wawili, Russell na Burch, waliwawekea wenzao mambo matatu: tafuta njia isiyotumia mnyama, ukimtumia, tumia wachache, na hao wachache wapunguzie taabu. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mwislamu asione vibaya kuyachukua mema haya. Hayakupingana na tuliyoyasoma.

Na kuna jambo limenishangaza katika maelezo ya kijana wangu. Watafiti wana kipimo kilichotolewa mwaka 1995, chenye alama kuanzia 0 hadi 21, cha kumpima panya jinsi anavyotembea. Miguu hupimwa kwa makini makubwa. Kibofu mara nyingi hukamuliwa tu, mkojo ukatupwa. Lakini mwaka 2004 mtafiti mmoja wa Marekani, Kim Anderson, ambaye mwenyewe ana jeraha la uti wa mgongo, alitoa majibu ya watu 681 wenye majeraha kama yake aliowauliza wangetaka kurudishiwa nini kwanza. Kutembea hakukuwa mbele kama watu wazima wanavyodhani. Waliopooza mikono na miguu walitaka mikono. Waliopooza miguu wengi walitaja mambo ya unyumba. Na kibofu na haja kubwa vilikuwa miongoni mwa yaliyotangulia. Yule kibarua anayekuja alfajiri kumkamua panya alikuwa ameshika mkononi jambo ambalo mgonjwa analililia, na hakuna aliyemwuliza ametoa kiasi gani. Isitoshe, panya aliyeachwa akafura huugua, na panya mgonjwa hatembei vizuri, na hesabu ya miguu nayo huwa ya uongo. Dhuluma imeingia mpaka ndani ya elimu.

Sasa nilijibu lile la thawabu. Aliyemvunja akimkamua, kwanza analipa deni. Na mwenye kutekeleza wajibu hakosi ujira kwa Mola wake, ila asijihesabu kama mfadhili. Ama msaidizi ambaye hakuvunja, anayeitwa usiku akaja kwa ajili ya kiumbe kisichoweza kusema, huyo namtarajia katika kundi la yule mtu aliyeteremka kisimani akamjazia maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa. Na asihofu wudhuu wake: panya akiwa hai si najisi, na kumgusa hakutengui. Mkojo wake ndio najisi; avae glavu, aoshe ulipogusa, abadili nguo, asali.

Nimeyaandika haya ya panya, na sasa nitasema la kwetu, maana nisipolisema nitakuwa nimewahukumu watu wa mbali na kuwaacha wa karibu. Mgonjwa wa mgongo akirudishwa kijijini kutoka hospitali, hapa Kasanda au huko kwenu, mara nyingi hurudi na mpira wa mkojo ambao hakuna anayejua lini utabadilishwa. Hulazwa chumba cha nyuma. Wiki za mwanzo nyumba hujaa watu na uji. Mwezi wa tatu hubaki mama yake. Godoro hulowa, vidonda vya malazi hufunguka, harufu hutoka, na watoto hukatazwa kuingia. Panya wa maabara, kwa kanuni iliyoandikwa ukutani, hukamuliwa asubuhi na jioni. Mwana wa Adamu, aliyekirimiwa, hungoja mpaka mtu akumbuke. Na aliyeumia juu, kifuani au shingoni, kibofu kikijaa chaweza kumpandishia damu ghafla, kichwa kikamuuma kwa ukali, akatoka jasho usoni, hata akapata kiharusi. Watu wakasema ni mashetani, na kumbe ni mpira uliokunjika chini ya paja.

Basi familia yenye mgonjwa namna hii imwulize muuguzi, tena imsisitize, awafundishe ile njia ya Lapides, kwani si kila mgonjwa inamfaa ila wengi inawafaa. Mikono huoshwa kwa sabuni, mpira huingizwa, mkojo hutoka wote, mpira hutolewa. Hurudiwa kila baada ya saa 4 hadi 6, kabla kibofu hakijapita nusu lita hivi. Mpira ukiwa ni wa kutumika tena, huoshwa kwa maji na sabuni, hukaushwa, ukawekwa mahali safi. Kukamua tumbo kwa mkono kama afanyiwavyo panya, mwanadamu asifanyiwe kwa kukisia. Madaktari siku hizi wanakuhofia, kwani huweza kuusukuma mkojo juu kwenye figo.

Na njia hiyo ina faida ambayo tabibu huenda asikutajie. Mgonjwa anayevuja saa zote ni mwenye udhuru wa kudumu: baada ya wakati kuingia hustanji, akajifunga vizuri, akatawadha, akasali papo hapo, na kila faradhi ina wudhuu wake, kama alivyofundishwa mwanamke mwenye damu ya istihadha. Lakini yule anayejitoa kwa mpira kila saa kadhaa, akabaki mkavu katikati, huyo si mwenye udhuru tena. Hutawadha kama wewe, na wudhuu wake hudumu mpaka utenguke. Mwenye mfuko naye usimfukuze mlangoni. Kinachokatazwa ni kuuchafua msikiti, na mfuko uliofungwa barabara, usiovuja, haumwagi kitu. Aingie na kiti chake cha magurudumu, magurudumu yakishapanguswa, na walio katika safu wasogee apate nafasi.